India na Jirani Aliyetangulia Kuinuka

Usiku wa Juni 15, 2020, katika bonde la mto Galwan, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, wanajeshi wa mataifa mawili yenye silaha za nyuklia walipigana kwa mawe, marungu na vyuma vilivyopigiliwa misumari. Hakuna aliyefyatua risasi. Wengine walitumbukia mtoni na baridi ikawamaliza. India ilipoteza askari 20. China ilinyamaza hadi Februari ya mwaka uliofuata, ndipo ikakiri kupoteza wanne. Silaha hizo za kizamani zilikuwa na sababu: makubaliano ya mwaka 1996 yanazikataza pande zote mbili kutumia bunduki ndani ya kilomita mbili kutoka mstari wa udhibiti, na tangu 1975 hapakuwa na askari aliyeuawa na upande wa pili kwenye mpaka huo.

Wiki mbili baadaye Delhi iliifungia TikTok pamoja na programu nyingine 58 za Kichina. Makumi ya maelfu ya askari wakapandishwa Ladakh, mpakani, na vifaru vyao, wakapigwa na majira ya baridi moja baada ya jingine. Kampuni za China zikabanwa kwa masharti ya uwekezaji. Wakati hayo yakiendelea, makontena kutoka Shenzhen na Ningbo hayakupungua. Pengo la biashara kati ya nchi hizo, lililokuwa kama dola bilioni 44 katika mwaka wa fedha 2020/21, lilikaribia dola bilioni 99 mwaka 2024/25. Viwanda vya simu, vya paneli za sola na vya dawa, ambavyo serikali ya Narendra Modi huvitaja kila inapotaka kuonyesha India mpya, vinaendeshwa kwa vipuri, mashine na malighafi za nchi ile ile iliyowaua askari wake Galwan.

Wachambuzi wengi wakiulizwa kuhusu usalama wa India huhesabu maadui: Pakistan upande huu, China upande ule, wapiganaji wa Kashmir, waasi wa Kimao misituni. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haielezi kwa nini mambo yamekuwa magumu zaidi katika miaka hii hii ambayo India imetajirika. Mwaka 1990 pato la mtu mmoja nchini India lilikuwa juu kidogo ya la China. Leo la Mchina ni kama dola 13,000, la Mhindi halijafika 3,000. India iliipita Uingereza kiuchumi, na tangu 2023 ndiyo nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani. Hata hivyo uchumi wa China ni zaidi ya mara nne ya wake. Kwa makadirio ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm, mwaka 2024 China ilitumia dola bilioni 314 kwa ulinzi, India bilioni 86. Marekani ilipokuwa ikiinuka katika karne ya 19, majirani zake walikuwa Canada na Mexico. China ilipoinuka, jirani yake mkubwa wa kaskazini, Umoja wa Kisovieti, alikuwa akisambaratika. India haikupata bahati hiyo. Inainuka kando ya jirani aliyetangulia, na kadiri nguvu za India zinavyoongezeka ndivyo jirani huyo anavyozidi kuona sababu ya kuishughulikia.

Tuanze na mpaka. India inauhesabu kuwa na urefu wa kilomita 3,488, na haujawahi kuchorwa kwa maafikiano. Oktoba 1962, dunia ikiwa imekodolea macho makombora ya Cuba, majeshi ya China yalishuka kutoka milimani, yakayafagia ya India kwa mwezi mmoja, kisha yakatangaza yenyewe kusitisha vita. Krishna Menon alipoteza wizara ya ulinzi, na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, kwa ushahidi wa waliokuwa karibu naye, hakurudi kuwa yule yule hadi alipofariki 1964. Kila mkuu wa jeshi la India aliyefuata amelelewa na kumbukumbu hiyo. Ndiyo maana barabara, madaraja na njia za chini ya milima, kama ile ya Atal ya kilomita 9 iliyofunguliwa Oktoba 2020, zinajengwa kwa haraka ambayo miaka ya nyuma haikuwepo. Upande wa China wa mpaka umekaa kwenye uwanda wa juu wa Tibet, ambako reli na lami hujengwa kwa urahisi; upande wa India ni mabonde na maporomoko. Jiografia yenyewe inamgharimu anayelinda kutoka kusini.

Panapotisha zaidi ni Siliguri, ukanda mwembamba unaoiunganisha India na majimbo yake manane ya kaskazini mashariki. Panapobana, upana wake ni kama kilomita 22 tu, Nepal ikiwa upande mmoja na Bangladesh upande mwingine. Mwaka 2017 askari wa India waliingia Doklam, ardhi inayodaiwa na Bhutan, kuwazuia Wachina wasijenge barabara ambayo ingewasogeza karibu na ukanda huo. Walisimama uso kwa uso siku 73. Oktoba 2024 pande mbili zilikubaliana kurudisha doria za mpakani katika Depsang na Demchok, Modi akakutana na Xi Jinping mjini Kazan, na Agosti 2025 akaenda Tianjin. Magazeti yakaandika juu ya ukurasa mpya. Mimi naona ni mapumziko ambayo kila mmoja ameyahitaji kwa sababu zake: mpaka bado haujachorwa, na askari waliopandishwa Ladakh hawajashushwa wote.

Ugomvi na Pakistan ni mkongwe kuliko katiba za nchi zote mbili. Walipigania Kashmir 1947, wakapigana tena 1965, 1971 na 1999. Mwezi Mei 1998 kila mmoja alilipua mabomu ya nyuklia ya majaribio, India jangwani Pokhran, Pakistan katika milima ya Chagai, na tangu hapo vita kubwa ikawa jambo la kuogopwa na wote. Chini ya mwavuli huo yakakua makundi ya wapiganaji ambayo India inasema yanalelewa na jeshi la Pakistan, na Pakistan inakana. Novemba 26, 2008, vijana kumi waliotoka Karachi kwa njia ya bahari waliingia Mumbai na kuua watu 166. Waziri Mkuu Manmohan Singh hakujibu kwa mabomu. Aliamua kuishitaki Pakistan mbele ya dunia, na wengi nyumbani walimwita mwoga.

Serikali ya Modi, iliyokuja baada yake, ilichagua njia nyingine, na kila mara ilipanda ngazi moja zaidi. Baada ya shambulio la wapiganaji huko Uri, Kashmir, mwaka 2016, makomando walivuka mstari wa Kashmir. Mwaka 2019, askari 40 wa kikosi cha akiba cha polisi walipouawa Pulwama, ndege zilipiga Balakot, ndani ya Pakistan yenyewe. Aprili 22, 2025 watu 26, wengi wao watalii, waliuawa kwenye malisho karibu na Pahalgam, Kashmir. Mei 7 India ilipiga maeneo tisa, yakiwemo Bahawalpur na Muridke katika Punjab, moyo wa Pakistan. Yakafuata siku nne za makombora na mamia ya droni, hadi Mei 10, ambapo tangazo la kusitisha mapigano lilitolewa kwanza na Donald Trump, jambo lililoiudhi Delhi kuliko inavyopenda kusema. Kisha serikali ikatangaza kwamba shambulio lolote la kigaidi la siku zijazo litahesabiwa kuwa kitendo cha vita.

Sera hiyo inapendeza majukwaani. Udhaifu wake ni kwamba uamuzi wa kuanzisha vita kati ya nchi mbili zenye vichwa vya nyuklia zaidi ya 160 kila moja unaachiwa watu wachache wenye bunduki, ambao huenda hata Islamabad haiwatawali. Novemba 2025 gari lililipuka karibu na Red Fort, katikati ya Delhi, na kuua watu zaidi ya kumi. Serikali ililiita tukio la kigaidi, lakini ndege hazikuruka. Uchunguzi uliwagusa zaidi watu wa ndani, wakiwemo madaktari kutoka Kashmir. Nadhani busara ilishinda, ingawa hakuna kiongozi aliyetaka kusimama hadharani kueleza kwa nini tangazo la Mei halikutumika.

Mei 2025 ilifichua na jingine, zito zaidi. Pakistan iliingia angani na ndege za Kichina aina ya J-10C zilizobeba makombora ya PL-15, ambayo hupiga ndege nyingine kutoka mbali mno hata rubani asimwone aliyempiga. Mwisho wa mwezi huo, akiwa Singapore, Mkuu wa Majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, alikiri kwamba ndege zilipotea, bila kutaja idadi. Julai, Luteni Jenerali Rahul Singh, naibu mkuu wa jeshi la nchi kavu, alisema hadharani kuwa wakati wa mapigano China ilikuwa ikiipa Pakistan taarifa za papo kwa papo. Kwa hesabu za SIPRI, kati ya 2020 na 2024 Pakistan ilipata asilimia 81 ya silaha zake kutoka China. Kwa miongo kadhaa wapangaji wa Delhi waliandaa mpango mmoja kwa ajili ya magharibi na mwingine kwa ajili ya kaskazini. Mipaka hiyo miwili sasa ni uwanja mmoja wa vita, na mmoja wa wapinzani anaweza kupigana bila kumwaga tone la damu ya askari wake.

Hata maji yameingia humo. Siku moja baada ya Pahalgam, India ilisimamisha Mkataba wa Maji ya Indus wa mwaka 1960, uliovumilia vita tatu. Kwa Pakistan, ambayo mashamba yake yanategemea mto huo, ni tishio la uhai. Lakini India, iliyo juu ya Pakistan kwenye Indus, iko chini ya China kwenye Brahmaputra, na Julai 2025 Beijing ilianza kujenga Tibet bwawa linalotarajiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani kwa umeme. Delhi imeonyesha kwamba aliye juu ya mto anaweza kuuweka mkataba kando. China haina hata mkataba wa kuuweka kando.

Je, India ina silaha za kupigana nazo? Jeshi lake la anga limeidhinishiwa vikosi 42 vya ndege za kivita. Septemba 2025, MiG-21 za mwisho zilipostaafishwa baada ya utumishi ulioanza 1963, vilibaki 29. Ndege ya nyumbani iliyotakiwa kuchukua nafasi yake, Tejas, ilianzishwa kama mradi 1983 na kuingia kazini 2016, miaka 33 baadaye. Injini yake ni ya Marekani, na inapochelewa kiwandani huko, mabodi ya ndege husubiri Bengaluru. Mitambo mitano ya S-400 ya kutungulia ndege iliagizwa Urusi mwaka 2018 kwa takriban dola bilioni 5.4, vita vya Ukraine vikaichelewesha. Sehemu ya Urusi katika silaha zinazonunuliwa na India imeshuka kutoka asilimia 72 hadi 36 katika muongo mmoja, na bado ni kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote. Wanaoisifu sera ya kujitegemea wana haki ya kuonyesha kombora la BrahMos, lililobuniwa pamoja na Warusi na kuuzwa Ufilipino, au nyambizi za nyuklia zilizoundwa Visakhapatnam. Lakini nchi isiyotengeneza injini ya ndege yake ya kivita haijafika.

Utegemezi wa viwanda vya kiraia unaumiza vile vile, na hapa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana sababu ya kusogea karibu. Sehemu kubwa ya vidonge na sindano katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki imetoka Hyderabad, Gujarat au Mumbai. Karibu asilimia 70 ya viambato ghafi vinavyoingia India kutengenezea dawa hizo vinatoka China. Siku China ikiamua kufunga bomba hilo, Galwan itafika hadi zahanati za Mwanza. Si jambo la kufikirika tu: Aprili 2025 Beijing iliwekea vikwazo mauzo ya madini adimu na sumaku zake, na watengenezaji wa magari wa India wakahangaika kwa miezi kutafuta kipande kidogo ambacho bila hicho injini ya umeme haizunguki.

Dhidi ya hali hiyo, Delhi imejitafutia marafiki kila upande. Imo katika kundi la Quad na Marekani, Japani na Australia, na imo pia katika BRICS na Shirika la Ushirikiano la Shanghai, ambamo China ndiyo yenye sauti. Wahenga wetu walisema njia mbili zilimshinda fisi. India imejaribu kupita tatu, na kwa miaka mingi ilifanikiwa. Mafuta ya Urusi, ambayo kabla ya Februari 2022 hayakufika asilimia mbili ya mafuta yake ghafi, yalipanda hadi zaidi ya theluthi moja, kwa bei ya chini. Kisha Agosti 2025 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50, nusu yake ikielezwa kuwa adhabu kwa mafuta hayo, na wanadiplomasia wakaanza kazi ya kuubembeleza ushuru huo ushuke. Simlaumu S. Jaishankar, waziri wa mambo ya nje, kwa kukataa kambi. Nchi inayoagiza zaidi ya asilimia 85 ya mafuta yake ghafi haina anasa ya kuchagua marafiki kwa misingi mitupu. Ila sera hiyo inafanya kazi vizuri pale wakubwa wanapokuhitaji zaidi ya unavyowahitaji, na Trump alionyesha kwamba hesabu hiyo hubadilika kwa asubuhi moja.

Majirani wadogo nao wamejifunza mchezo huo huo. Sheikh Hasina, Waziri Mkuu wa Bangladesh na mshirika mkubwa wa Delhi, alikimbilia India Agosti 2024 vijana walipomwangusha, na Bangladesh ikageuka baridi. Maldives iliwataka wanajeshi wachache wa India waondoke, wakaondoka kufikia Mei 2024, kisha ikarudi kuomba msaada wa fedha. Nepal haijasahau kuzibwa kwa mpaka wake na India mwaka 2015.

Baharini ndiko India ilikopewa na Mungu. Rasi yake imechomoza katikati ya Bahari Hindi, na visiwa vya Andaman na Nikobar vinachungulia Mlango wa Malacca, ambako mafuta ya China hupita. Hapo China ndiyo mgeni mwenye wasiwasi. Hata hivyo ilifungua kambi Djibouti mwaka 2017, ikakodi bandari ya Hambantota, Sri Lanka, kwa miaka 99, na imejenga Gwadar, Pakistan. India imejibu kwa kujenga uwanja wa ndege na gati katika kisiwa cha Agalega cha Mauritius, vilivyozinduliwa Februari 2024. Shelisheli, mpango kama huo wa kisiwa cha Assumption ulikwama kwa upinzani wa wananchi. Machi 2024 makomando wa manowari INS Kolkata waliikomboa meli MV Ruen, wakawaokoa mabaharia 17 na kuwakamata maharamia 35 wa Kisomali. Na Aprili 2025 Dar es Salaam iliandaa pamoja na India mazoezi ya AIKEYME yaliyokutanisha majeshi ya majini ya nchi za Afrika, kutoka Kenya na Komoro hadi Afrika Kusini. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo rupia moja ya ulinzi inaponunua usalama mwingi zaidi, na bado katika mgao wa jumla jeshi la majini hupata fungu dogo kuliko la nchi kavu na la anga. Askari walioko milimani hawawezi kushushwa, kwa hiyo bahari husubiri.

Lakini ukimuuliza Mhindi wa kijijini, hatari haina sura ya Mchina. Uasi wa Kimao ulioanzia Naxalbari, Bengal Magharibi, mwaka 1967 ulienea katika misitu ya watu wa makabila ambao ardhi yao ina chuma na makaa na wao wenyewe hawana shule. Mwaka 2006 Manmohan Singh aliuita changamoto kubwa kuliko zote za usalama wa ndani. Mei 2025 kiongozi mkuu wa waasi, Nambala Keshava Rao, aliuawa Chhattisgarh, na serikali ikaweka Machi 31, 2026 kuwa tarehe ya kuumaliza. Kwa upande wa bunduki, uasi umekwisha kwa sehemu kubwa. Migodi ingali pale, na wenye ardhi wangali wanauliza.

Manipur, mojawapo ya majimbo ya kaskazini mashariki, ni aibu kubwa zaidi. Wazee wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliojua jimbo hilo walilipitia mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipotoka hapo kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw. Mei 2023 jamii mbili za humo, Wameitei na Wakuki, ziligeukiana; zaidi ya watu 250 wakafa na kama 60,000 wakahama makwao. Silaha ziliporwa kwenye maghala ya polisi kwa maelfu. Jimbo hilo linapakana na Myanmar iliyo vitani, na Delhi ilisubiri hadi Februari 2025 ndipo ikachukua utawala moja kwa moja. Kashmir, iliyonyang'anywa hadhi yake maalumu Agosti 2019, ilifanya uchaguzi wa bunge lake mwaka 2024, lakini polisi wake bado wanaamriwa kutoka Delhi.

Nyuma ya haya yote kuna hesabu ya fedha na ajira. Katika bajeti ya ulinzi ya 2025/26, ya takriban rupia trilioni 6.8, kama trilioni 1.6 ni pensheni. Ili kuupunguza mzigo huo serikali ilianzisha Agnipath mwaka 2022: kijana huajiriwa jeshini kwa miaka minne, kisha robo tu ya kila kundi hubakizwa. Tangazo hilo lilipotoka, vijana wa jimbo la Bihar walichoma mabehewa ya treni, kwa sababu katika vijiji vyao jeshi ndiyo ajira ya serikali iliyokuwa bado inafikika. Makundi ya kwanza ya jeshi la nchi kavu yaliingia mafunzoni mwanzoni mwa 2023. Kuanzia mwanzoni mwa 2027, watatu kati ya kila wanne watarudi Bihar, Haryana na Punjab wakiwa na rupia laki 11 na ushei mkononi, bila pensheni, wamefundishwa kutumia silaha, na viwanda vilivyotakiwa kuwapokea bado vinasubiri mashine kutoka China.